Mashine ya Kung'arishia na Ukurasa wa Sita

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 14 Agosti 1954, mashine mbili za umeme zilikuwa juu ya meza ya duka la vipuri mjini Kitale. Mbele ya meza walisimama watu watatu: Wepukhulu, mpiga rangi wa magari kutoka Bungoma, Adan, dereva wa lori la mahindi na mshirika wake, na Nasambu, binti wa Wepukhulu, mwenye umri wa miaka kumi na tatu.

Kwa miaka tisa Wepukhulu alikuwa aking'arisha magari kwa kitambaa, mpaka bega lake la kulia likaanza kukataa kazi. Sasa yeye na Adan walikuwa na akiba ya kununua mashine moja ya kufanya kazi hiyo. Wakikosea, hapakuwa na nyingine.

Nasambu aliletwa kwa sababu yeye ndiye aliyesoma. Baba yake hakujua kusoma, kwa hiyo barua za nyumbani na maandishi ya makopo ya rangi yalipitia kwa binti huyu. Majirani walimsifu, naye akazizoea sifa hizo. Adan alimwita karani.

Mwenye duka alikuwa safarini, na msaidizi wake alijua bei tu. Aliwapa vijitabu viwili vya Kiingereza akasema kila kitu kimeandikwa humo.

Nasambu alielewa tarakimu. Mashine kubwa ilizunguka mara elfu nne na mia tano kwa dakika. Ndogo, mara elfu moja na mia nane. Kisha akafika ukurasa wa sita wa kijitabu cha mashine kubwa. Sentensi zilikuwa ndefu, na katika kila mstari kulikuwa na maneno asiyoyajua. Aliupitishia macho ukurasa wote huku midomo yake ikitembea.

"Wanasemaje hapo?" baba yake aliuliza.

"Wanasema hii kubwa ndiyo ya magari. Ina nguvu, inamaliza kazi upesi."

"Una hakika?"

"Si nimesoma, baba?"

Adan alicheka, akasema karani akishasoma, dereva hana swali. Walinunua ile kubwa.

Wepukhulu alikuwa na desturi moja ya kazi. Ukutani pa karakana yake lilining'inia madigadi kuukuu, lile bati la juu ya gurudumu, na kila dawa au kifaa kipya alikijaribu hapo kabla ya kugusa gari la mtu. Jumatatu hakulishusha. Kitabu kilikuwa kimesomwa, na aliyesoma alikuwa mtoto wake.

Gari la kwanza lilikuwa jeusi, la Mwalimu Eliakim, aliyemfundisha Nasambu Kiingereza. Wepukhulu aliivalisha mashine kifuniko cha ngozi ya kondoo, akaunganisha waya na jenereta, akaanza kwenye boneti. Katikati ya boneti rangi iling'aa. Ukingoni palitoka harufu ya kuungua, na alipoinua mashine, rangi ilikuwa imekwisha. Bati jeupe lilionekana, urefu wa kiganja.

Adan aliliona bati lile, akauliza kulikoni.

"Ni mkono wangu," Wepukhulu alisema. "Nimekandamiza sana. Pengine mashine hizi si za watu kama mimi."

Nasambu alikuwa hatua tatu kutoka kwake, ameshika kopo la dawa ya kung'arishia. Alisikia kila neno, akageuka kulifunika kopo. Siku hiyo hakula chakula cha mchana. Kesho yake alimwona baba yake akirudia kitambaa, akisugua kwa mkono wa kushoto, mashine ikiwa imefunikwa gunia. Mteja mmoja alipopita na kuuliza kwa utani kama bado wanachoma magari, Wepukhulu alicheka naye. Nasambu aliingia nyuma ya karakana akaficha uso.

Jumatano Mwalimu Eliakim alifika kuona gari lake. Wepukhulu alianza kuomba radhi, akilaumu mkono wake tena.

"Si mkono wake, mwalimu," Nasambu alisema akitazama chini. "Ni mimi. Ukurasa wa sita sikuuelewa. Nilimdanganya baba kwamba nimeuelewa."

Mwalimu aliomba kijitabu, akausoma ukurasa huo, akaueleza kwa Kiswahili: mashine hii ni ya kukwangua kutu kwenye chuma, isitumike kwenye rangi ya gari, kwa kuwa kasi yake huleta joto, na ukingoni rangi ni nyembamba.

Wepukhulu aliketi juu ya debe. "Siku tatu nimeuona mkono wangu kuwa mbovu," alisema. "Na wewe ulikuwa unajua."

"Ndiyo, baba."

Wepukhulu alilitazama madigadi ukutani, akasema kosa la kutolishusha ni lake.

Mwalimu alimrudishia Nasambu kijitabu. "Maneno haya hata mimi niliyatafuta katika kamusi nilipokuwa mkubwa kuliko wewe. Kutojua neno si aibu. Aibu ni kumwacha mtu afanye kazi kwa neno ulilolibuni. Anayemsomea asiyejua kusoma ndiye macho yake. Neno likikushinda, sema limekushinda."

Ijumaa Adan alipitia Kitale na lori, akiwa na ile mashine. Mwenye duka alikuwa amerudi. Aliikagua mashine, akakubali kuibadilisha kwa ile ndogo. Wepukhulu alipiga boneti rangi upya, akaiacha ikauke wiki nzima.

Jumamosi tarehe 28, madigadi lilishushwa. Nasambu alisoma kijitabu cha mashine ndogo kwa sauti. Mara tatu alisimama akasema, "Hili silijui," na kila mara Adan alilipigia mstari kwa penseli ili aulizwe mwalimu. Mwalimu alifika saa nane, akayaeleza yote matatu. Wepukhulu aliipitisha mashine kwenye ukingo wa madigadi. Rangi haikutoka. Ndipo akaenda kwenye gari.

Saa kumi na dakika ishirini, Mwalimu Eliakim aliliondoa gari lake karakanani, boneti iking'aa mpaka ukingoni.