Mbegu Mbili za Kahawa

"Gauni hili limeshageuzwa mara moja," fundi alisema, akiukagua ukosi. "Nikiligeuza tena, litarudi lilikotoka."

Alistidia alicheka bila kupenda. Ilikuwa Jumamosi, mwaka wa 1951, na soko la Bukoba lilikuwa limefurika watu na kelele za bei. Kitambaa cha amerikani kimepanda, chumvi imepanda, mafuta ya taa ndiyo usiseme. Ndiyo maana msichana mzuri kama yeye, wa kijiji cha Nyanga, alisimama kwenye baraza la duka, gauni kuukuu mkononi.

"Fundi gani wewe unayeshindwa na gauni?"

"Gauni haliniwezi. Mwenye gauni ndiye anayenipa tabu."

Loh, ulimi huo! Aliitwa Datius, kijana wa Kagoma huko Muleba, suruali ya kaki imenyooka, chaki nyuma ya sikio. Gauni lilimchukua wiki tatu, kazi ya siku moja, na kila Alistidia alipokuja kuliulizia aliambiwa bado vifungo.

"Vifungo vinatoka Ulaya kwa miguu?"

"Vinakuja polepole, waitu bibie, ili nawe uje mara nyingi."

Wakapendana, na asiwaonee mtu wivu, maana furaha yao haikumaliza mwaka.

Mguu wa Mzee Ndyamukama, baba yake Alistidia, ulioza. Hospitalini ulipasuliwa, akapona, lakini gharama ilikuwa kubwa. Kahawa yao walikuwa wameshaiuza ikiwa ingali maua mtini, kwa bei ya kutupa, wapate pesa za chakula. Ikabidi wakope shilingi mia na themanini kwa tajiri mmoja, na kibanja kikawekwa rehani. Mavuno yakipita bila malipo, migomba, nyumba na makaburi ya babu zao vinakwenda.

"Pesa za mahari yangu anazo baba yangu, shilingi mia mbili," Datius alisema. "Zikalipe."

Alistidia aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Watasema nimeuzwa kwa mguu wa baba!"

"Nani atasema?"

"Nyanga nzima! Mpenzi, kama ni kulipa, lipeni kimya. Usitaje habari zetu, hata kwa baba yako. Deni likishasahaulika, uje uchumbie kama wanaume wengine."

"Nitamwambia nini mzee wangu?"

"Utajua wewe. Si una ulimi?"

Datius akatii. Ningetamani angekuwa mkaidi siku ile! Alimwambia baba yake, Mzee Karugendo, kwamba alipougua homa mjini, Ndyamukama alimlaza kwake na kumuuguza kama mwanawe, na sasa deni linamlemea. Mzee Karugendo alitokwa na machozi. Kesho yake alifunga safari, akalipa deni lote.

Kisha Datius akapotea barazani. Wiki moja, mbili. Cherehani ilifunikwa gunia. "Amezijutia pesa zake," Alistidia alijiambia, akalia kwa hasira, kisha akalia kwa kumkumbuka.

Jumapili moja baba yake alimwita kwa sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu augue. "Wageni wanakuja kutoka Kagoma. Vaa vizuri!"

Moyo ulimpasuka kwa furaha. Alivaa gauni lile, akajipaka mafuta, akachungulia dirishani. Mzee Karugendo huyoo, na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi! Nyuma yake Datius, macho chini. Anaona haya, alidhani, akatabasamu.

Alipiga magoti kuwasalimia. Baba yake akainua shati, akaonyesha chale mpya karibu na kitovu.

"Mwanangu, mtu huyu alitulipia sisi tusiomjua. Hata nilipomwambia sikumbuki kumuuguza mwanawe, alisema wema husahauliwa na aliyeutenda. Ningemlipa nini? Tulipasua tunda moja la kahawa, nikala mbegu yenye damu yake, naye akala yenye damu yangu. Ni ndugu yangu sasa. Na huyu Datius," alicheka, "msalimie kaka yako."

Waliokula damu hivyo, watoto wao hawaoani. Mtoto mdogo wa Nyanga anajua hilo, na anajua pia kwamba anayevunja mwiko huo hula msiba.

Datius alipotoka, Alistidia alimfuata nje, penye migomba.

"Ulijua!"

"Nilijua walipokwisha kula. Nilikosa mdomo wa kukuambia."

"Sema sasa! Sema ulidanganya!"

"Damu haitapikwi, Alistidia. Twende kwa padri. Atasema ni upuuzi, atatufungisha ndoa."

Alistidia alitazama ndani. Baba yake, aliyelala miezi minne akiomba kufa, alikuwa amesimama kwa mguu wake mbovu akimmiminia ndugu yake rubisi.

"Padri haishi na baba yangu," alisema. "Nikiugua kesho, au yeye akiugua, atakufa akijua ni sisi tuliouleta msiba."

"Na mimi je?"

"Nakupenda. Usiniulize tena."

Mama yake aliita kutoka jikoni. Akaenda, akachukua kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kile ambacho binti wa nyumba huwapitishia wageni. Alianza na wazee. Alipofika kwa Datius alimwinulia kikapu.

"Karibu, kaka," alisema.

Datius alichukua moja, akaifunga kiganjani, wala hakuila.