Majina Hamsini Dukani kwa Dagim

Dagim na Mihret walikutana mtaani Megenagna, kwenye foleni ya sambusa za dengu, mvua ikipiga na watu wakisukumana.

"Kaka, huo mguu unaoukanyaga una mwenyewe."

"Samahani. Mwenyewe yuko wapi nimwombe radhi?"

"Ndiye mimi."

"Afadhali. Niliogopa ni mumeo."

Mihret akacheka, na miaka miwili haikutosha kumaliza kicheko kile. Sasa wazee wa Dagim walikuwa waende Jumapili kwa baba yake Mihret kumposa.

Alhamisi mchana, Mihret akapita dukani kwa Dagim, gauni la manjano likimkaa vizuri mno. Dagim kazi yake ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni. Alikuwa ametoka kununua wino, basi Mihret akakaa kwenye kompyuta afungue barua pepe yake. Kugusa tu kisanduku cha jina, orodha ikajimwaga: Feven, Hirut, Bezawit. Akachimba mpaka pale kivinjari kinapohifadhi maneno ya siri. Majina hamsini, arobaini ya kike! Bezawit peke yake mara nne.

Dagim akaingia na wino wake.

"Bezawit ni nani?"

"Bezawit yupi?"

"Ahaa! Kumbe wako wengi!"

"Mpenzi, hao wateja. Kompyuta inauliza nihifadhi, nabonyeza ndiyo. Wakisahau, wanarudi kwangu."

"Wanarudi kwako. Nimesikia. Wafute wote."

"Siwezi, roho yangu. Mama Hirut anasubiri pasipoti, na simu aliyojiandikishia imeibiwa. Nikifuta haingii tena."

"Basi waambie wazee wako Jumapili wapumzike."

Akaondoka. Dagim akapiga simu mara sita. Ya saba ikapokelewa.

"Umefuta?"

"Bado. Na ningesema nimefuta, ungeniamini?"

Mihret akaguna.

"Njoo Jumamosi, Mihret. Nawaita wote. Kila mtu aandike neno lake la siri kwenye daftari lake mwenyewe, halafu mfutaji uwe wewe."

Jumamosi duka lilifurika mpaka barazani. Mama Hirut alikuwa akikaanga buni mlangoni, moshi wake mtamu ukiwavuta hata wasiohusika. Mihret, wanja umekolea, alishika kipanya kama askari wa mpakani. Bibi mwenye fimbo akaandika lake. Futa. Mke wa kasisi. Futa. Feven, mimba ya miezi minane. Futa, tena kwa tabasamu.

Kisha manukato yakaingia, mwenyewe akafuata: mrefu, shingo ndefu, shela jeupe begani. Mihret akakiachia kipanya.

"Wewe ndiye Bezawit? Akaunti nne za nini, dada?"

"Kila mwaka najaza bahati nasibu ya viza ya Marekani, kila mwaka nasahau neno la siri, Dagim ananifungulia barua pepe mpya." Akamkagua Mihret toka nywele hadi viatu. "Na wewe ndiye Mihret. Nimemwalika huyu kahawa mara mbili. Mara zote kaniambia ana mchumba, tena mwenye wivu."

Duka zima likaangua kicheko. Bezawit akaandika, akafunga daftari, akatoka taratibu. Mihret akafuta mistari minne, mmoja mmoja, akibonyeza kwa nguvu utadhani anaua kunguni.

"Dagim."

"Naam, roho yangu."

"Wazee wako kesho wanafika saa ngapi?"

"Si ulisema wapumzike?"

"Dagim!"

"Saa nne."

Macho ya Mihret bado yalikuwa yanalisindikiza lile shela jeupe barabarani.

"Waje saa mbili."