Silinda Isiyotoa Vumbi

Jua lilikuwa linazama nilipotandaza vifaa vyangu kwenye benchi, bandani nyuma ya nyumba. Silinda ya pikipiki ilikuwa imelika, inabidi niipanue iingie pistoni kubwa zaidi. Nilikuwa nachagua mawe ya kusagia ndani ya silinda: yale ya kukwaruza haraka, au yale laini ya kumalizia?

"Usitumie hayo, fundi."

Mwenye pikipiki alikuwa amesimama mlangoni. Sikusikia geti.

"Tumia hili langu," alinong'ona.

Jiwe jeusi, lenye mpini wa chuma. La baridi. Lilinuka... udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Ningekataa. Lakini lilienea ndani ya silinda kama limezaliwa humo. Nikalifunga kwenye drili.

Grrr... grrr...

Likala chuma vizuri ajabu. Nikazima, nikapangusa. Kitambaa kikatoka cheupe.

Hakuna vumbi.

Nikapima. Tundu limepanuka. Sasa chuma kimekwenda wapi?

"Endelea, fundi."

Nikawasha. Ndani ya nyumba mke wangu akaanza kukohoa. Nikizima, ananyamaza. Nikiwasha, anakohoa.

Nilipaswa kuacha palepale. Mikono ilikuwa imekufa ganzi, na moyo pia. Nikamalizia bila kufikiri, kama mtu anayepiga mswaki.

Nilipoingia ndani, nilimkuta ukingoni mwa kitanda, leso mdomoni. Gauni lililokuwa likimbana asubuhi lilining'inia mabegani.

"Wewe umeoa chuma," alinitania kama kawaida yake. Sauti haikutoka vizuri.

Akafungua leso.

Unga wa kijivu. Unametameta.

Nilirudi bandani mbio. Mwenye pikipiki hayupo. Jiwe halipo. Silinda ipo.

Hospitali walimpiga picha ya kifua, hawakuona kitu. Mama mkwe alimtazama binti yake, akasema, "Huo ni mkono wa mtu."

Mwenye silinda hajarudi. Nimeifungia sandukuni. Sithubutu kuitupa, sijui nitakuwa natupa nini.

Sijaigusa kwa kifaa chochote cha kusagia tangu siku ile. Napima tu, kila jioni. Leo pistoni ile kubwa imedondoka hadi chini bila kugusa ukuta.

"Imepanuka?" mke wangu ameniuliza kutoka kitandani.

"Iko vilevile."

"Kweli?"

"Kweli, mke wangu. Lala."