Maboya ya Baba kwenye Ukuta wa Mnara

"Mama, njoo dirishani uangalie mnarani."

"Mnara huo nimeuona miaka hamsini na nane, Lenora. Kaa ule."

"Kuna vitu vimetundikwa pale. Njoo uone."

Mama hakuja. Alinipa mgongo, akaendelea kukoroga uji wa shayiri.

Tufani ya theluji ilikuwa imetupiga siku mbili, na asubuhi hiyo ndiyo kwanza jua linatoka. Bandari yetu ya Grindle ilipendeza mpaka nikasahau baridi. Boti zote zilikuwa zimevishwa nyeupe, gati lilikuwa limefukiwa, na mnara wa taa ulikuwa umeganda barafu upande wa baharini, kuanzia chini mpaka kwenye kioo, unang'aa huwezi kuutazama sana. Chini yake, kwenye ukuta mweupe wa nyumba ya mlinzi wa zamani, nikaona maboya kama thelathini. Rangi ya chungwa, mkanda mweupe, shingo ya kijani.

Zile ni rangi za baba yangu, Wendell. Kwetu huku Maine kila mvuvi wa kamba-koche ana rangi zake, ukiona boya la mtego majini umemjua mwenyewe. Baba alizama miaka mitatu iliyopita, boti yake ikabaki. Hakuacha mtoto wa kiume, aliniacha mimi, na mimi sikuwa na leseni ya uvuvi. Tangu azikwe, hakuna mtu bandarini aliyezigusa rangi zake.

Simu ikatetema. Binamu yangu Mavis, ambaye habari haimpiti, alikuwa ameandika: "Umeyaona? Rangi za anko. Na funguo za nyumba ile si anazo Thurlow wako?"

Ni kweli anazo. Thurlow ni mchumba wangu, harusi ilikuwa imebaki wiki mbili, na nyumba ile huitumia kupaka rangi vifaa vyake kwa sababu ina jiko la kuni la kukaushia. Sasa elewa: kwetu mwanaume akioa binti wa mvuvi, wenzake humwachia eneo la uvuvi la baba mkwe bila ugomvi. Na eneo la baba ndilo zuri kuliko yote. Nikajiuliza. Huyu ananioa mimi, au anaoa bahari ya baba?

Nikampigia.

"Uko wapi?"

"Mnarani."

"Maboya hayo ya nani?"

"Njoo uyaone."

"Nijibu hapahapa kwenye simu."

"Hapana, Nora. Njoo."

Nikavaa buti. Mama akaniuliza naenda wapi, nikamwambia naenda kurudisha pete. Hakunizuia, na hilo nalo likanishangaza.

Njiani kulikuwa na mstari mmoja tu wa nyayo, nami nikawa nazikanyaga zilezile, theluji inanifika magotini. Nilikuwa na hasira, siwezi kusema uongo, lakini udadisi ulizidi hasira. Mwizi gani anatundika alichoiba mahali ambapo bandari nzima inakiona?

Thurlow alikuwa mlangoni, mikono ina madoa ya chungwa hadi kwenye viwiko.

"Miaka mitatu hakuna aliyethubutu," nikamwambia. "Umeshindwa kusubiri hata harusi ipite?"

"Umeyaangalia?"

"Nimeyaona tangu dirishani kwetu."

"Sijasema kuyaona. Nimesema kuyaangalia."

Nikashika moja, nikaligeuza. Kila boya lazima lichomwe namba ya leseni ya mwenyewe, ndiyo sheria. Namba ya Thurlow naijua kwa kichwa, maana nimeichoma mimi mwenyewe kwenye maboya yake mara nyingi. Hii haikuwa namba yake. Ya baba pia haikuwa. Nikashika la pili, la tatu, namba ni ileile.

"Hii ya nani?"

Akatoa bahasha mfukoni. Ilikuwa imefunguliwa. Ndani kulikuwa na karatasi ya serikali, leseni ya uvuvi yenye jina langu, Lenora Beal, na namba ileile. Miaka tisa nilikaa kwenye orodha ya kusubiri leseni, huku nikijaza chambo kwenye mapipa ya watu wengine. Nikakaa kwenye ngazi iliyojaa theluji.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mama yako, Bi Verna. Aliipokea posta, akaifungua, akashindwa kukupa. Akaniletea mimi. Akasema, wewe utajua la kufanya."

"Lini?"

"Siku kumi na mbili zilizopita."

"Umekaa nayo siku kumi na mbili?"

"Siku nne za kwanza nilitaka kuichoma," akasema, akinitazama machoni. "Nilimtafuta baba yako kwenye maji yale, Nora. Mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nilijiambia, ukiikosa karatasi hii utabaki nchi kavu, nami nitalala usingizi. Siku ya tano nikajiona mtu mbaya, nikanunua rangi nikuandalie maboya."

"Ungenioa bila kuniambia?"

"Siku zile nne, ndiyo. Leo nimeyatundika ili ukija unipigie kelele, yote yaishe kabla ya kanisani. Pete ukitaka kuirudisha, sina la kubisha."

Nilimtazama yule mwanaume. Angeweza kunidanganya kwamba aliipata jana, na ningemwamini. Nikaona kwamba nampenda, na kwamba bado nina hasira naye, vyote pamoja.

"Pete naibakiza," nikasema. "Ila mwezi wa nne natega mitego eneo la baba, kwa boti ya baba, usukani mimi. Wewe unakaa nyuma unajaza chambo, kila siku ambayo hutoki na boti yako."

"Chambo kinanuka."

"Mimi nimekizoea miaka tisa."

Akacheka, kisha akalia kidogo, akajifuta na mkono wenye rangi. Nikampigia mama palepale.

"Mama, barua ninayo. Harusi iko palepale. Mwezi wa nne natoka baharini."

"Na nyuma yako nani?"

"Thurlow."

"Mpe simu."

Thurlow akavua kofia kwanza, ndipo akaipokea. Nilisimama karibu, nikasikia kila neno.

"Wendell aliniaga nikiwa kitandani, sikuinuka hata kumtazama," mama alisema. "Safari hii nitakuwa gatini mkitoka, na nitakuwa gatini mkirudi. Nataka kuwaona wawili. Ukirudi peke yako, usinitafute."

"Nimeelewa, mama."

Siku zote Thurlow alimwita Bi Verna. Mama hakumsahihisha.