Alama Nne za Njano

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuosha vyombo na kufagia ua, Chiriku alivaa bwelasuti kuukuu lililokunjwa mikono mara tatu, akavuka barabara kwenda gereji ya mama yake. Jina la Chiriku alipewa na mjomba wake, kwa sababu tangu ajue kusema hakujua kunyamaza.

"Mdomo wa mtoto huyu hauna breki," mjomba alipenda kusema, "na mimi fundi mzima nimeshindwa kumfungia."

Mama alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mjomba alikuwa mdogo wake na msaidizi wake. Walijulikana zaidi kwa kazi moja: kufunga vizimba ndani ya magari yanayokwenda porini na milimani. Kizimba ni mabomba mazito ya chuma yanayopita juu ya vichwa vya abiria na ubavuni mwao, ili gari likipinduka paa lisiwabonyee waliomo. Mama hakuwa na mzaha na kazi hiyo. Aliwahi kumrudisha mteja aliyeleta mabomba ya maji akitaka yatumike kwa kuwa ni rahisi kupinda.

"Kizimba kikilegea miguu," alisema, "si kinga tena. Ni rungu la kuwapigia watu."

Jumamosi hiyo gari lilikuwa la daktari wa mifugo, mwanamke mcheshi mwenye sauti nzito, aliyezoea kupanda milimani kuchanja ng'ombe na mbuzi. Mwezi uliopita gari la mwenzake liliteleza kwenye tope likabingirika mara mbili, na mwenzake akavunjika bega. Daktari alipotoka kumwona hospitalini, alikuja gerejini moja kwa moja. Sasa kizimba kilibaki kukazwa tu, na daktari, aliyepita asubuhi kukitazama, alitaka kuondoka mchana.

Kizimba kilikuwa na miguu sita. Kila mguu ulikaa juu ya bamba la chuma ndani ya gari, bamba jingine likawekwa chini ya sakafu, na bolti nne zikapita katikati kuyabana yote mawili. Gari lilisimama juu ya shimo la gereji. Mjomba na Chiriku walikuwa humo shimoni, mjomba akikaza nati kwa spana ya kipimo, ile inayolia "tak!" nati ikifikia kiasi kinachotakiwa. Kila ilipolia, Chiriku alichora mstari wa rangi ya njano kutoka kwenye nati hadi kwenye bamba. Sheria ya gereji ilikuwa fupi: hakuna "tak", hakuna rangi.

Walimaliza miguu mitano. Kwenye mguu wa sita, wa nyuma kushoto, mjomba alikuwa amezifunga nati kwa vidole tu, hajazikaza, mama alipomwita.

"Kaka, lori la mabomba limefika! Njoo tushushe, dereva ana haraka."

Mjomba akaweka spana chini, akapanda juu. Chiriku akabaki peke yake na kopo la rangi. Papo hapo akasikia wenzake wanamwita getini. Mechi ya mpira wa pete ilikuwa inaanza, na mfungaji wao alikuwa yeye.

"Unakuja au huji?" mmoja alipaza sauti. "Tukifungwa lawama ni zako!"

Chiriku alizitazama zile nati nne. Watazikaza tu, aliwaza. Kwani watasahau? Akachora mistari minne haraka haraka, akafunika kopo, akakimbia.

Kumbe wakati lori linashushwa, mtu mwingine alikuja mbio: gari lake lilikuwa limezimika katikati ya barabara. Mjomba akaondoka naye. Mama akarudi peke yake, akashuka shimoni na tochi, akahesabu mistari ya njano. Ishirini na minne. Akadhani mdogo wake amemaliza. Akafunga sponji kwenye mabomba yaliyo karibu na vichwa, akavuta mikanda ya viti mmoja mmoja, akamkabidhi daktari ufunguo.

Chiriku alirudi adhuhuri, vumbi hadi kwenye nyusi. Walikuwa wameshinda kumi na moja kwa tisa. Alikuta shimo liko tupu, mama ananawa mikono, na mjomba ndiyo kwanza anaingia.

"Dada, ule mguu wa mwisho ulinimalizia?" mjomba aliuliza.

"Nikumalizie nini? Si uliukaza mwenyewe? Rangi nimeiona."

Mjomba akajikuna kichwa. "Basi nitakuwa niliukaza. Siku hizi hata nilichokula asubuhi sikumbuki."

Wote wawili wakacheka. Chiriku hakucheka. Akaona mambo yanavyoweza kwisha: asiposema kitu, hakuna atakayejua. Mjomba mwenyewe ameshakubali. Lakini akili yake ilikwisha kwenda milimani, kwenye tope.

"Leo chiriku wetu kameza nini?" mjomba aliuliza. "Mmefungwa?"

"Mama," Chiriku alisema. "Ile mistari minne ya mwisho niliichora kabla nati hazijakazwa. Nilitaka kuwahi mechi."

Mama hakumgombeza. Hilo lilimtisha zaidi. Alichukua simu kwa mikono yenye povu, akapiga. Simu ikaita hadi ikakata. Akapiga tena.

"Hapokei akiwa anaendesha," mama alisema. "Na akishaanza kupanda, huko juu hakuna mtandao."

"Hajaanza kupanda!" Chiriku aliruka. "Asubuhi nilimuuliza chanjo zinakaaje bila kuharibika kwa joto. Akaniambia atapitia ghalani kuzichukua na barafu!"

"Ingia kwenye gari," mama alisema. "Kaka, lete spana."

Njia nzima Chiriku alikaza macho barabarani. Walipokata kona ya mwisho aliliona lile gari, limesimama mbele ya ghala, milango ya nyuma wazi. Daktari na msaidizi wake, kijana mrefu, walikuwa wanapakia sanduku la barafu. Chiriku alishusha pumzi ndefu hata mjomba akageuka kumtazama.

Aliteremka wa kwanza. "Daktari, usiondoke. Nati nne hazijakazwa. Nilichora alama za uongo."

Mama alikuwa ameshalala chini ya gari, juu ya kipande cha boksi. Akanyoosha mkono, akaishika nati.

"Inazunguka kwa kidole," sauti yake ilitoka chini.

"Mguu upi?" daktari aliuliza.

"Wa nyuma kushoto."

Yule kijana mrefu akatazama kiti chake, cha nyuma kushoto, akakaa juu ya sanduku la barafu bila kuuliza kama limefungwa.

Tak. Tak. Tak. Tak. Chiriku hakuwahi kusikia sauti tamu kama hizo. Kisha mama akarudia nati zote ishirini na nne, akizishika moja moja.

"Nami nimekosea, Daktari," alisema akijipangusa. "Nimetazama rangi, sikushika nati. Utanisamehe."

Daktari alimgeukia Chiriku. "Asubuhi maswali yako yalinichelewesha, nikasema mtoto huyu anaongea mno. Nimeyafuta maneno hayo. Ila siku nyingine nisimamishe kabla sijatoka gerejini, sawa?"

"Sawa, Daktari. Nisamehe."

Kabla ya magharibi simu ililia. Daktari alikuwa amefika. Gari liliinama vibaya kwenye bonde moja, alisema, lakini kizimba hakikucheza hata kidogo, na mbuzi walikuwa wanamsubiri kwa makelele. Mama akaweka simu mezani, akacheka kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri. Kisha akamvuta Chiriku karibu.

"Ule mstari ni neno, mwanangu. Ukiuchora umesema, 'Nimeshuhudia imekazwa.' Leo umesema uongo mara nne bila kufungua mdomo. Jumamosi ijayo utaanza upya: utazishika nati zote nami kabla hujagusa rangi."

"Ndiyo, mama."

"Na ukweli umeusema mara moja, ukatosha, kwa sababu ulikuja mapema. Ungeuchelewesha hadi saa hizi ungekuwa ukweli uleule, lakini usingemsaidia mtu."