Pumzi ya Gari la Masunga

Asubuhi aliyofariki Masunga, gari lake la kubebea pamba lilikuwa uani kwao Lingeka, mlango wa dereva haujafungwa vizuri. Binti yake Minza aliusukuma ukafungika, kisha akaingia ndani kulia na mama yake.

Siku ya kuanua matanga, nguo za marehemu zilifuliwa, na baba mdogo Mboje akaliosha gari lote, mpaka ndani ya boneti. Tangu hapo gari likakosa nguvu. Taa ya injini iliwaka, na kilima kidogo tu lilikipanda kama ng'ombe mgonjwa.

"Linamlilia mwenyewe," majirani walinong'ona.

"Fundi wa hapa kasema turbo imekufa," alisema Mboje. "Tuliuze chuma chakavu."

Minza aliona kama baba anakufa mara ya pili. "Baba mdogo, tulipeleke kwanza kwa fundi umeme wa Bariadi," alimsihi mpaka akakubali.

"Mwangaluka," fundi Lukresia aliwapokea kwa salamu ya Kisukuma. "Mgonjwa ndiye huyu?"

"Dada," alisema Mboje, "hili si la kupima. Lina msiba."

"Basi tuliulize linalia nini."

Alichomeka kompyuta yake ndogo chini ya usukani. "Inasema kosa liko kwenye saketi, njia ya umeme ya kudhibiti turbo. Haijasema turbo yenyewe. Minza, sogea uone. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya turbo humu, nayo inasukuma hewa ili injini ipumue. Umeme ndio unaoiamuru isukume kiasi gani."

Minza alishika mdomo. Kumbe moshi ule aliouona ni uchafu tu ulikuwa na kazi kubwa hivyo!

Lukresia aliipima vali inayopokea amri hiyo. Nzima. Akapima waya unaotoka kwenye kompyuta ya gari, umeme haukupita. Alipoimulika soketi ya waya huo kwa tochi, pini moja ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani.

"Nani alimwaga maji humu?"

Mboje akajikuna kisogo. "Mimi. Nilikuwa natoa msiba."

"Msiba umetoka, kaka. Maji yamebaki."

Mboje mwenyewe alicheka. Lukresia akabadilisha pini, akapima tena, akafuta kosa kwenye kompyuta, kisha wakalijaribu gari mlimani. Minza alisikia mluzi mwembamba ukipanda ndani ya injini. Gari likachomoka, migongo yao ikagandamana na viti. Wakafika juu mara moja.

"Nusura tuuze gari zima kwa ajili ya pini," alisema Mboje taratibu.

"Ndiyo maana tunapima kabla ya kuhukumu," alijibu Lukresia, akamgeukia Minza. "Na baba yako mdogo amefanya vizuri kusema ukweli. Angenyamaza, kesho mngeliosha tena vilevile."

Msimu huu pamba ya Lingeka inabebwa na gari hilo. Dereva ni mama yake Minza.