Ubao wa Fundi Viatu

Kila alipotoka shule, Sindano alibadili nguo, akala, kisha akaketi kwenye kigoda kando ya cherehani ya mama yake na kushona pindo. Mtaa mzima ulimwita Sindano kwa sababu mshono wake ulinyooka kama uliopigwa rula. Lakini macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwa mchora mabango, na mara nyingi alijichoma kidole.

Likizo ilipokaribia, mama alipanga kumpeleka kwa mama mkubwa, mwenye karakana ya ushonaji. Sindano akaomba akajifunze kwa mchora mabango. Mama akakata uzi kwa meno. Mwishowe wakapatana: achore ubao mmoja tu, wa fundi viatu. Ukipendeza, likizo ni ya rangi. Ukiharibika, ni ya cherehani.

Jumamosi, kwenye kibanda cha mchora mabango, Sindano alishika brashi kwa furaha hata akasahau chai yake. Akaandika herufi kubwa, nene, nyekundu: TUNASHONA VIA. Ubao ukaisha.

Fundi viatu alikuja, akainamisha kichwa upande. "Mjukuu wangu, mimi nashona viatu. Hivi via sijawahi kuviona."

Mchora mabango alicheka mpaka akaketi juu ya kopo la rangi. Sindano hakucheka. Aliiona likizo yake ikimponyoka. Mama akavuka barabara, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Ukishona gauni, unaanza na nini?"

"Kupima, mama."

"Na hapa?"

Sindano akakiri kwamba alidhani kupima ni mambo ya kushona tu, na alikuwa na haraka ya kufika kwenye rangi.

Fundi viatu akasema ubao ambao haujatundikwa bado haujaharibika. Mama akauvua ule utepe, akamvisha binti yake. Sindano akafuta rangi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akapima, akaigawia kila herufi nafasi yake kwa chaki ya mama, ndipo akachora. Jioni maneno yote mawili yalikaa sawasawa, yakabakiwa na nafasi ya kupumua pande zote.

Mama aliukagua ubao kama akaguavyo pindo.

"Niliogopa kwamba ukienda unakopenda, utauacha ufundi wako kwangu. Kumbe umekwenda nao. Fuata unachokipenda, mwanangu, ila usidharau unachokiweza. Kupenda kutakuamsha asubuhi, lakini kazi itamalizwa na mkono uliozoea."

Akageuka kurudi kwenye cherehani yake, kisha akasimama. "Likizo nenda kwa mchora mabango. Lakini utepe wangu urudi kila jioni."